Kelele ndani ya sinema: nani wa kuambiwa?

"Mtaalamu, mimi ni mwalimu, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Jumamosi iliyopita nilienda sinema na binti zangu wawili na shemeji yangu. Filamu ilikuwa ya Kinijeria, imetiwa Kifaransa. Nyuma yetu vijana watatu walikuwa wanasimuliana kila kitu kabla hakijatokea. Mmoja akapokea simu, akaongea kama yuko sokoni. Mbele yetu mama mmoja alimnong'oneza mwenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Nilisema 'shhh' mara nne. Mara ya tano nikageuka, nikamwambia yule kijana hana adabu. Akajibu: 'Mama, na miye nililipa!' Wenzake wakacheka, ukumbi mzima ukatugeukia, na ilibaki kidogo tupigane. Shemeji ananicheka hadi leo. Anasema sisi Waafrika ndivyo tulivyo, nikitaka kimya niende kanisani au Ubelgiji. Je, kosa ni langu? Na kwa nini sauti ya mtu anayetafuna karanga inanifanya nitetemeke kwa hasira, hata nyumbani?"

Mama mwalimu, umeuliza maswali mawili na shemeji ameongeza la tatu. Nianze na la shemeji, maana ndilo jepesi.

Anayesema kimya kinapatikana kanisani, sijui anasali wapi katika mji huu. Hilo tuliache. Kuhusu Ubelgiji na Ulaya kwa jumla, ajue kwamba kukaa kimya gizani na kutazama mbele hakumo kwenye damu ya mtu yeyote. Watu walifundishwa, tena si zamani sana. Paris ya karne ya 18 na ya 19, wenye vyeo waliingia opera wakiwa wamechelewa, wakapiga soga kwenye vyumba vyao vya pembeni, na kulikuwa na watu waliolipwa kazi ya kupiga makofi. Taa ziliachwa zikiwaka, kwa sababu wengi walikuja kuonekana kuliko kuona. Mwanamuziki Richard Wagner alipofungua jumba lake kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, na kuuzamisha ukumbi gizani, lilikuwa jambo geni kwa watu. Sinema nayo ilipoanza haikuwa na sauti, basi sauti ikatoka kwa watazamaji. Marekani wenye kumbi walikuwa wakitupia kwenye skrini picha zenye maandishi: akina mama wavue kofia, watu wasiongee kwa nguvu, wasipige miluzi. Japani alisimama mtu kando ya skrini, anaitwa benshi, akaisimulia filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji. Filamu zilipoanza kusema, kuanzia 1927, ndipo watazamaji wakaanza kunyamazishana wao kwa wao. Sababu yao haikuwa ustaarabu mkubwa. Jirani akiongea, neno limekupita na halirudi.

Na hapa kwetu? Waulize wazee waliokulia kwenye kambi za Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi ya ukoloni. Jioni shuka jeupe linatundikwa nje, watu wanakaa chini au wanabeba viti vyao kutoka nyumbani, na pembeni anasimama mtu wa kueleza picha kwa Kiswahili. Maneno ya pembeni yalikuwa sehemu ya onyesho. Miaka ikaenda, zikaja kanda za video na vyumba vya Kamalondo na vya komuni ya Kenya, televisheni moja na mabenchi manane, leo karate, kesho mpira. Mimi mwenyewe Desemba 2010 nilikuwa ndani ya chumba kimoja cha namna hiyo, timu yetu ya Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Kipa Kidiaba alipoanza kuruka kwa matako kama kawaida yake, nusu ya chumba ilishuka kwenye mabenchi ikaruka naye sakafuni. Mzee mmoja alirukaruka hadi mlangoni, kofia mkononi. Hakuna aliyesema shhh, na angesema tungemtoa nje.

Kijana aliyelelewa na chumba kile, leo ukimpa kiti cha kitambaa na skrini pana, ni nani amemwambia kwamba sheria zimebadilika? Wewe ulimwambia, ndiyo, lakini ulikuwa mtu wa kwanza, ulikuwa umekasirika, na ulimwambia mbele ya rafiki zake. Miaka zaidi ya ishirini nimeendesha mashine ya kuonyesha filamu na kutengeneza sauti za kumbi za mji huu, na ugomvi karibu wote niliouona ulianza hivyohivyo. Nitarudi hapo. Kwanza tutenganishe kelele zako, maana umezifunga katika fungu moja, na kila moja ina mwenyewe.

Mama aliyenong'ona. Naomba umwondoe kwenye orodha ya wasio na adabu, angalau hadi tumjue. Filamu ilikuwa ya Kifaransa. Katika mji wetu si kila aliyekata tiketi anafuata Kifaransa cha haraka, na mara nyingi anayenong'ona anatafsiri. Kuna mwaka nilikaa nyuma ya mvulana wa miaka kama kumi na miwili, yuko na bibi yake. Kila sentensi bibi anauliza, "Anasema nini ule?" na mvulana anajibu. Nilikasirika kwa robo saa, kisha nikaanza kumsikiliza yeye badala ya filamu. Mke kwenye filamu anamwambia mumewe kwa Kifaransa kwamba anamwacha, hataki tena kuona uso wake. Mvulana akamwambia bibi, "Anasema anaenda kusalimia mama yake." Bibi akaitikia, "Eh, muzuri." Nusu saa baadaye yule mke anaolewa na mwanamume mwingine, na mvulana amekwama, hajui aanzie wapi.

Hata hivyo mnong'ono ule ulikuumiza kweli, na si kwa sababu una wivu wa kimya. Mtu akinong'ona, nyuzi za koo hazitetemi. Sauti nene inaondoka, inabaki pumzi inayokwaruza: s, sh, f, ch. Ni sauti nyembamba, na ndizo hizohizo sikio linazozitegemea ili kutofautisha neno na neno katika mazungumzo ya filamu. Mnong'ono, ingawa ni mdogo, unakaa juu ya konsonanti za mwigizaji na kuzifuta. Ndiyo maana ulisikia kwamba waigizaji wanasema kitu, lakini hukusikia wanasema nini. Siku binti yako akihitaji kuelezwa jambo, usimnong'oneze. Sogeza mdomo sikioni kwake na useme kwa sauti ya chini, nene, fupi. Safu ya mbele haitajua.

Kijana wa simu ni habari nyingine, na huyo simtetei. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa watu kazi inayohitaji umakini huku wakisikia mazungumzo. Waliosikia upande mmoja tu wa mazungumzo ya simu walifanya kazi vibaya kuliko waliosikia pande zote mbili. Akili haipendi nusu ya hadithi. Ukisikia "Eh... hapana... na yeye alisema nini?", kichwa chako kinaanza chenyewe kutafuta ile nusu iliyokosekana, utake usitake. Kwa hiyo ulipokosa dakika nzima ya filamu kwa simu ya sekunde ishirini, haikuwa udhaifu wako.

Na mwanga wake. Skrini ya sinema iliyopimwa vizuri hutoa mwanga wa kandela 48 kwa mita ya mraba pale palipo peupe kabisa, na katika tukio la usiku ni sehemu ndogo tu ya hapo. Simu nyingi za leo zikifunguliwa mwanga wote hupita 400. Ni kipande kidogo, lakini kinawaka mara nane au zaidi kuliko filamu yenyewe, na kiko pembeni ya jicho, mahali ambapo jicho limeumbwa kushtukia chochote kinachowaka au kusogea. Anayesema "naangalia saa tu" hasemi uongo. Saa yake imeonekana na safu tano.

Vijana wanaosimulia kabla ya tukio wako katikati. Wanacheza mchezo wao wa siku zote, na katika filamu ya karate ya saa nane mchana, ukumbi umejaa wanafunzi, mimi huwaacha. Kuna filamu zinazotaka watu wapige kelele, na ukizitazama kimya zinakufa. Yako haikuwa ya namna hiyo, na hilo ndilo walilokosa kulijua.

Sasa hiyo "shhh" yako. Mama mwalimu, darasani inafaa kwa sababu wanafunzi wanajua imetoka kwa nani. Gizani haina mwenyewe wala haina anayeambiwa. Kisha ni sauti nyembamba, kali kuliko mnong'ono niliokueleza, na inasambaa ukumbi mzima. Aliyekosa anafikiri imemwendea mwingine, na asiyekosa anakasirika.

Kinachofanya kazi, kwa niliyoyaona, ni kuwahi. Ongea katika dakika kumi za kwanza, kabla hasira yako haijawa na sauti yake yenyewe. Mwite mtu kwa jina la heshima linalomfaa: mdogo wangu, papa, mama, yaya (yaani dada au kaka mkubwa). Taja kitu kimoja tu, na kiwe kitu chenyewe, kisiwe tabia yake. "Mudogo yangu, tafazali, simu inaniwakia mu macho." Basi. Halafu geuka mbele mara moja, usimkodolee macho kungoja atii. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kijana aliye na wenzake wawili hawezi kutii huku anatazamwa, lazima ajibu. Ukigeuka mbele unampa nafasi ya kuzima simu kana kwamba amejiamulia mwenyewe. Ulipomwambia hana adabu, ulimwachia mlango mmoja tu, na akaupita: "na miye nililipa". Katika hilo, samahani, kosa dogo ni lako. Lakini ni dogo.

Ukiongea mara moja na kisionekane kitu, usiongee mara ya pili. Inuka, nenda mlangoni.

Maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Uliongea na vijana, shemeji akaongea nawe, na hakuna hata mmoja aliyeongea na mwenye ukumbi. Kimya cha sinema ni kitu kinachouzwa pamoja na tiketi, kama kiti. Mtu akikuuzia kiti kilichovunjika, je, utagombana na jirani yako?

Na mwenye ukumbi mara nyingi ndiye anayetengeneza kelele bila kujua. Chukua ukumbi wa hapa mjini: kuta za simenti, sakafu ya simenti, juu bati. Piga kofi moja ukiwa katikati. Ukisikia kofi linajirudia kama mtu anatikisa bati, sauti za filamu zinafanya vilevile, neno la kwanza halijafa la pili limefika. Watu hawasikii vizuri, wanaulizana "amesema nini?". Mwendeshaji akiona watu wanaongea, anaongeza sauti ya bafle, yaani spika. Bafle zikipanda, wanaoongea nao wanapandisha, maana mtu huinua sauti yake mwenyewe akizungukwa na kelele bila kukusudia. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hilo mwaka 1911 na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Hivyo ukumbi unapanda ngazi peke yake, na filamu inapofika katikati kila mtu anapiga kelele na hakuna anayejua alianza lini. Mvua ya Januari ikianguka juu ya bati, ndiyo basi tena.

Nimeitwa mara nyingi kurekebisha kumbi za namna hiyo, na karibu kila mara nakuta wamebandika ukutani trei za mayai. Mtu fulani aliwaambia zinazuia sauti. Haziizuii. Zinanyonya kidogo zile sauti nyembamba sana, basi, na zinashika moto haraka. Mapazia mazito yaliyokunjwa kwenye ukuta wa nyuma na wa pembeni, zulia kwenye njia, viti vya kitambaa, na bafle zilizoelekezwa kwa watu badala ya kuelekezwa bati, hivyo vinaonekana siku hiyohiyo. Kuna ukumbi mmoja tulitundika mapazia na kushusha sauti ya bafle, na wiki iliyofuata kijana wa mlangoni akaniuliza kama watu wamepungua. Walikuwa walewale.

Mengine hayahitaji hata seremala. Filamu ianze saa iliyoandikwa, maana watu waliongoja dakika arobaini gizani wameshaanza mazungumzo, na mazungumzo yaliyoanza hayakatwi na nembo ya kampuni ya filamu. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme katikati ya onyesho, mtu atoke mbele aseme jenereta inawashwa, tungojeane dakika tano. Asiposema, kila mtu anawasha simu yake na hazizimwi tena. Na kabla ya kuanza, mtu asimame na tochi, aseme kwa Kiswahili, tena kwa mzaha kidogo: simu zilale, anayetafsiria mzazi wake akae pembeni upande wa kushoto, watoto wakilia watoke na mama zao na watarudi. Upande wa watafsiri si ndoto yangu. Nimeuona ukifanya kazi, na bibi wale wakawa wanacheka pamoja badala ya kucheka mmoja mmoja.

Hayo huwezi kuyafanya wewe. Unaloweza ni kuuliza kabla ya kulipa: filamu inaanza saa ngapi kweli, na nikisumbuliwa nimwite nani? Swali la pili lina nguvu. Kijana wa mlangoni akijibu "nitakuja", umeshamfunga kwa neno lake. Akicheka, umejua ukumbi ulivyo, na pesa bado ziko mkononi. Ukishaingia, kaa katikati, kama theluthi mbili kutoka mbele. Ni karibu na pale anapokaa fundi anayechanganya sauti za filamu, kwa hiyo ndipo panaposikika vizuri, na safu za mwisho kabisa waachie wanaokuja kwa mambo yao. Onyesho la kwanza la mchana siku ya kazi lina watu wachache. Ukiona haiwezekani, toka katika nusu saa ya kwanza na uombe pesa au tiketi ya siku nyingine, kwa upole na bila kuondoka mlangoni. Baada ya nusu saa watakuambia umeshaiona filamu.

Yapo mambo ya kutozungumza kabisa na jirani. Mtu aliyelewa. Mtu anayemgusa binti yako au anayehamia kiti karibu naye mara mbili. Watatu wanaokuja nyuma yako unapotoka. Hapo washike watoto, nenda penye mwanga na watu, mwite mlinzi, na ikibidi polisi.

Limebaki la karanga. Kelele za ukumbini zinawaudhi watu wote, na kuudhika si ugonjwa. Lakini umeandika kwamba unatetemeka, na kwamba ni hata nyumbani. Kuna hali inaitwa misofonia, jina lilitolewa mwaka 2001 na wataalamu wawili wa Marekani, Margaret na Pawel Jastreboff. Mtu mwenye hali hiyo husikia sauti ndogo fulani, hasa kutafuna, kumeza au kuvuta kamasi, na mwili wake unajibu kama umetishwa: moyo mbio, hasira ya ghafla, hamu ya kukimbia. Haitokani na sauti kuwa kubwa, na haimaanishi una roho mbaya. Wengi huikumbuka tangu utotoni, na mara nyingi anayewaumiza zaidi ni mtu wa nyumbani.

Mimi ni fundi wa sauti, siwezi kukuambia kama unayo. Kama inakufanya ule peke yako, au uwafokee binti zako mezani kisha ujute, usiendelee kuibeba. Nenda kwenye Kliniki za Chuo Kikuu hapa Lubumbashi, anza na daktari wa masikio, na umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa saikolojia. Mwambie pia kama siku hizi unaomba watu warudie maneno, maana mwalimu aliyekaa miaka mingi katika darasa la watoto hamsini anaweza kuwa na masikio yaliyochoka, na sikio lililochoka halivumilii kelele. Hadi hapo, nyumbani washeni redio kidogo wakati wa kula, inasaidia kwa sababu sauti ya kutafuna haibaki peke yake. Na sinema, usikae upande wa mlango. Wauza karanga wanapita huko.